Hadubini ya nguvu za atomu inapodanganya: dalili na visababishi kutoka chumba kimoja cha Kigoma

Chumba chetu kipo juu ya mteremko unaoshuka ziwani. Reli haiko mbali, na paa ni la mabati. Ndani kuna hadubini ya nguvu za atomu, ile ndogo ya mezani, iliyotufikia ikiwa imeshatumika kwingine. Kazi yake ni kupapasa uso wa fuwele kwa ncha kali iliyo mwishoni mwa kibao chembamba cha silikoni. Vitabu hukiita kantileva. Sisi tunakiita ulimi: unagusa, unapinda, na kwenye kupinda huko ndiko tunakosoma nguvu. Leza inamulika mgongo wa ulimi, mwanga unarudi kwenye fotodayodi, yaani kihisi cha mwanga, na fotodayodi inatoa volti.

Naandika kwa ajili ya wanafunzi wanaokuja hapa, na kwa yeyote mwenye chombo kama hiki kwenye mji wa joto, unyevu na umeme usiotulia. Karibu kila kosa nililoliona chumbani humu lilianza pale mtu alipoisoma namba kuwa ni nguvu ya atomu kabla ya kuuliza ni nani mwingine anayesukuma ulimi. Wanaosukuma ni wengi: treni, maji yaliyomo hewani, chaji ya umeme, hata joto la mkono wako. Joto la kawaida la chumba peke yake, nyuzi 27, huutikisa ulimi wenye ukakamavu wa nyutoni 0.1 kwa mita kwa kiasi cha nanomita 0.2. Umbali kati ya ioni ya sodiamu na jirani yake ya kloridi kwenye chumvi ni nanomita 0.28. Kwa hiyo hata siku iliyotulia kabisa, ulimi wako unacheza karibu upana wa kile unachotaka kukiona.

Safu za atomu zinaonekana, lakini upana wake haukai

Naanza na hii kwa sababu ndiyo iliyotuumiza zaidi.

Tulikuwa tumekuza fuwele kutokana na maji ya chumvi ya Uvinza, kule ambako watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu. Tuliyachuja, tukayaacha kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, yakakauka polepole kwa wiki tatu hadi vikatokea vidude vya pembe nne, vikubwa kama punje za mahindi. Unaweka wembe mpya sambamba na upande wa fuwele, unagonga mara moja, na inapasuka ikiacha uso unaometa kama kioo. Tukauweka chini ya ncha. Kwenye dirisha la nanomita 10 zikatokea safu zilizonyooka, moja kila nanomita 0.56. Fuwele ya chumvi hurudia mpangilio wake kila nanomita 0.564. Tulipeana mikono.

Kesho yake nikapunguza mwendo wa ncha kwa nusu. Safu zikawa kila nanomita 0.28. Hiyo nayo ni namba ya chumvi, ule umbali wa sodiamu na kloridi, na kwa nusu saa nzima tulibishana kama mwendo wa polepole ulikuwa umetufungulia ioni zote mbili. Kisha nikashuka hadi theluthi ya mwendo wa kwanza. Safu zikawa kila nanomita 0.19, namba ambayo si ya chumvi wala ya kitu chochote mle ndani.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mwendo wa kwanza ulikuwa nanomita 28 kwa sekunde. Umeme wa nyumbani unapiga mara 50 kwa sekunde. Gawanya 28 kwa 50, unapata 0.56. Adapta ya kompyuta mpakato ilikuwa imeegemea fremu ya chombo. Tuliichomoa, kompyuta ikabaki na betri yake, na safu zote zikafutika kana kwamba hazikuwahi kuwapo.

Basi safu zikionekana, fanya mambo mawili kabla hujamwita mtu kuja kutazama. Badilisha mwendo, na usiubadilishe kwa nusu wala kwa mara mbili, maana fuwele nyingi zina namba zinazoachana kwa mara mbili na utajidanganya kama sisi. Chukua theluthi, au mara moja na nusu. Safu za fuwele zitabaki na upana uleule kwa nanomita, ila za umeme zitapanuka au kubana pamoja na mwendo. Halafu geuza mwelekeo wa ncha kwa nyuzi 30. Safu za kweli zitageuka kwenye picha kwa nyuzi hizohizo, kwa sababu fuwele haikusogea. Kelele za umeme hazijui fuwele imelala upande gani.

Niseme wazi pia kwamba kwa hewa ya Kigoma usiitarajie chumvi ikuonyeshe atomu zake. Gerhard Meyer na Nabil Amer walizionyesha mwaka 1990, lakini fuwele yao ilikuwa ndani ya ombwe. Hewani chumvi inakupa ngazi, zenye kimo cha nanomita 0.28 au mafungu yake, na hizo ni nzuri sana kwa kupima kimo. Ukitaka safu za atomu kwa chombo cha mezani, tumia ulanga, madini ya maika yanayobanduka tabaka tabaka. Bandika utepe wa gundi, bandua tabaka moja, na uso mpya uko tayari. Utaona umbo la pembe sita linalojirudia kila nanomita 0.52. Ukilikosa kwenye ulanga, usiende kulitafuta kwenye fuwele nyingine.

Picha inatetemeka, hasa treni ikipita au mvua ikinyesha

Hapa visababishi ni viwili na tiba zake ni tofauti. Treni inakuja kupitia sakafu. Mvua inakuja kupitia hewa, maana sauti ya mabati chini ya mvua inausukuma ulimi moja kwa moja. Ili kujua ni kipi, simama kimya mbali na meza, kisha piga makofi. Ishara ikiruka, hewa inapita. Halafu dondosha kitabu sakafuni upande wa pili wa chumba na uitazame tena.

Kwa sakafu, dawa yetu ni ya bei ndogo na sijaona sababu ya kuibadilisha. Fundi seremala alitutengenezea fremu ya mninga yenye miguu minne mizito. Kutoka juu yake tumetundika bamba la zege kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu za baiskeli, na chombo kinakaa juu ya bamba. Kinachohesabika ni kiasi ambacho mpira unanyooka kwa uzito ule. Ukinyooka sentimita 25, bamba linabembea mara moja hivi kwa sekunde, na mitetemo ya kasi zaidi, ile ya treni na ya nyayo, inapita chini bila kulitikisa sana. Ukinyooka sentimita 3 tu, unabembea karibu mara 3 kwa sekunde na faida ni ndogo. Usitundike kwenye kenchi za paa, kwa sababu upepo wa ziwani ukivuma jioni paa zima linacheza. Mpira nao unachoka. Bamba likianza kushuka kidogo kidogo mwezi baada ya mwezi, ubadilishe wote kwa pamoja, si mmoja mmoja, la sivyo bamba litainama.

Kwa hewa, sanduku la mbao lililotandikwa sponji ya godoro ndani linatosha. Waya zinazoingia ndani ziache zilegee, zifungwe kwanza kwenye bamba. Waya uliokazwa ni daraja la kupitishia kila ulichokizuia.

Siku hizi tunapima usiku, kuanzia saa nne, taa za wavuvi wa dagaa zikiwa zimetapakaa ziwani. Tofauti yake na mchana huhitaji kuambiwa, unaiona kwenye kelele za ishara.

Namba ya nguvu ni mara mbili ya ile ya jana

Mwanafunzi alinijia akiwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja.

“Shikamoo Mwalimu. Ulanga umevuta kwa nguvu mara mbili leo.”

“Marahaba. Leza uliigusa?”

“Niliisogeza kidogo tu, ishara ilikuwa dhaifu.”

“Na unyeti ukaupima upya?”

Alinyamaza. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Nguvu ni ukakamavu wa ulimi mara kiasi ulichopinda, lakini chombo hakioni kupinda, kinaona volti. Unyeti ndio unaogeuza volti kuwa nanomita. Tuseme ni nanomita 50 kwa volti na ulimi una ukakamavu wa nyutoni 0.1 kwa mita: volti 1 ni nanomita 50, na nanomita 50 ni nanonyutoni 5. Ukiisogeza leza kutoka mwisho wa ulimi kwenda katikati, ukabadilisha ulimi, au ukaweka maji, unyeti umebadilika, na namba ya jana haina maana tena. Upime kila mara, kwa kuubonyeza ulimi kwenye kitu kigumu na kusoma mteremko wa sehemu iliyonyooka. Usiupime kwenye kitu laini, maana kitabonyea chenyewe na utadhani ulimi umepinda zaidi ya ulivyopinda.

Ukakamavu nao usiuchukue kwenye boksi. Unafuata unene wa ulimi kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo unene ukizidi kwa asilimia 10 ukakamavu unazidi kwa asilimia 33, na viwanda haviwezi kuhakikisha unene hadi hapo kwa kila ulimi. Tunautafuta kwa njia ya mtikisiko wa joto iliyoelezwa na Hutter na Bechhoefer mwaka 1993. Unaacha ulimi huru mbali na uso, unarekodi unavyotikisika, unachukua wastani wa miraba ya mtikisiko huo, kisha unagawa zao la kigezo cha Boltzmann na halijoto kwa wastani huo. Kwa nyuzi 27 zao hilo ni karibu 4.14 mara 10 kwa kipeo cha hasi 21, kwa juli. Kwa ulimi wa mstatili kuna kisahihisho cha karibu 0.82, kwa sababu ulimi unaotikisika huru haupindi kwa umbo lilelile la ulimi unaosukumwa kwenye ncha. Angalia kama programu yako imeshakiweka. Tumewahi kukiweka mara mbili, sisi na programu, na matokeo ya miezi mingi yakapungua kwa karibu asilimia 18 bila mtu kushtuka, kwa kuwa yote yalipungua kwa pamoja.

Ncha inanasa wakati wa kurudi

Kwenye grafu ya nguvu, ncha inashuka vizuri, inagusa, lakini ikianza kupanda haiachii. Ulimi unavutwa chini sana, kisha unaruka ghafla. Wanafunzi huandika: mvuto mkubwa kati ya ncha na fuwele. Mara nyingi ni maji.

Hewa ya Kigoma wakati wa masika ni mbichi, na kila kitu kilichowekwa mezani kinavaa utando mwembamba wa maji. Ncha ikigusa, utando wa juu na wa chini unaungana na kufanya daraja. Ncha yenye nusu kipenyo cha nanomita 10 inaweza kuvutwa na daraja hilo kwa nanonyutoni 9. Linganisha na mvuto wa van der Waals, ule mvuto dhaifu wa atomu kwa atomu, wa ncha hiyohiyo ikiwa nusu nanomita kutoka usoni, ambao hauzidi sana nanonyutoni 0.7. Kile unachokitafuta kimezama chini ya maji, kwa maana halisi ya neno.

Kuhakikisha ni rahisi. Weka tone la maji safi juu ya ulanga ili ulimi wote uzame. Uso wa maji ukishakuwa mbali na ncha hakuna daraja tena, na kunasa kunapungua sana. Chumvi huwezi kuitendea hivyo, itayeyuka. Kwa chumvi kausha sanduku. Sisi tunaweka chembe za jeli ya silika kwenye kisahani, zikibadilika rangi tunazikausha jikoni kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, na kuzirudisha. Weka kipima unyevu ndani ya sanduku, si ukutani. Chumvi huanza kuyeyuka yenyewe unyevu ukifika asilimia 75, lakini hata chini ya hapo utaona kingo za ngazi zikisogea kutoka picha moja hadi nyingine. Mwanzoni tulidhani ni ncha inazikwangua. Utazitofautisha kwa kuinua ncha, kungoja dakika 20, kisha kurudi na kupiga picha pana zaidi. Kama ni ncha, utaona mraba uliokwanguliwa katikati. Kama ni unyevu, ngazi zimehama kila mahali.

Kunasa kwingine ni kule kwa wakati wa kushuka: ulimi unaruka na kugonga kabla hujaufikisha. Hapo mvuto unaongezeka kwa kasi kuliko ukakamavu wa ulimi unavyoweza kuhimili. Tiba ni ulimi mkakamavu zaidi, na gharama yake ni kwamba nguvu ndogo zinapinda kidogo mno kuonekana. Ndiyo sababu wapimaji wa nguvu kati ya atomu na atomu waliacha kusoma kupinda, wakaanza kusoma jinsi kasi ya mtikisiko inavyobadilika. Kihisi cha kwatzi alichokibuni Franz Giessibl kina ukakamavu wa karibu nyutoni 1800 kwa mita. Hakiruki hata karibu kabisa na uso.

Mvuto unaanzia mbali mno

Ukiona ulimi unainama ukiwa bado mamia ya nanomita juu, hiyo si atomu. Ni chaji iliyobaki pale ulipoipasua fuwele. Chumvi na ulanga vyote vinafanya hivyo, na hewa kavu inaifanya chaji idumu, kwa hiyo dawa ya tatizo lililopita inalizidisha hili. Subiri. Saa 1 mara nyingi inatosha. Kama sampuli yako inapitisha umeme, weka volti kati yake na ncha, ibadilishe polepole, na utafute ile ambayo mvuto wake ni mdogo kuliko zote.

Usichanganye na mawimbi. Kama mstari wa mbali haunyooki bali unapanda na kushuka kwa utaratibu, pima umbali wa wimbi moja. Leza nyekundu ya nanomita 670 hutoa mawimbi ya karibu nanomita 335, nusu yake, kwa sababu mwanga uliokosa ulimi unagonga fuwele na kurudi kukutana na ule wa kwenye ulimi. Rudisha leza katikati ya ulimi. Basi.

Pembe za fuwele zimepinda

Pembe sita za ulanga zinatoka kama zimevutwa upande, na picha ya kupanda hailingani na ya kushuka. Kitu kinahama. Alumini ya sentimita 1 ikipata joto la sehemu moja ya kumi ya nyuzi inarefuka nanomita 23. Dirisha lako ni nanomita 10. Mtu akifungua mlango saa nane mchana, jua likiwa juu ya mabati, fuwele yako imeshatoka kwenye picha kabla hajaketi.

Funga sanduku, washa leza, ondoka kwa saa 2. Usiweke kompyuta juu ya sanduku. Kama baada ya hapo picha ya kwanza tu ndiyo iliyopinda na zinazofuata zinanyooka, si joto, ni piezo, kile kipande kinachosogeza ncha au sampuli kwa volti, inayoendelea kujivuta baada ya kuisogeza mbali. Ipe picha tatu au nne za kutupa mahali hapohapo. Kwa kupima unyoofu tunapenda kalisiti, maana uso wake unajirudia kwa mstatili wa nanomita 0.50 kwa 0.81, na pembe ya mraba jicho linaikagua upesi.

Kila kitu ni safi, hakuna hata atomu moja inayokosekana

Hii ni dalili, ingawa haionekani hivyo. Fuwele halisi ina mashimo, ina atomu zilizohama. Picha isiyo na kasoro hata moja baada ya kupapasa maelfu ya atomu inakuambia kwamba ncha imegusa kwa atomu nyingi kwa pamoja. Kundi zima la atomu za ncha linateleza juu ya uso na mpangilio unajirudia, lakini shimo la atomu moja linafunikwa na majirani zake. Umbali wa 0.52 ni wa kweli. Nguvu uliyoisoma si ya atomu moja, na kuigawa kwa idadi ya atomu unazozikisia hakuifanyi kuwa hivyo.

Punguza mzigo. Fanya kazi ndani ya maji, kwa nguvu ndogo kadiri ishara inavyoruhusu. Ohnesorge na Binnig waliziona atomu za kalisiti mojamoja kwa njia hiyo mwaka 1993. Badilisha ncha ikiwa maumbo yote pichani yana kivuli kilekile upande uleule, kwa sababu hapo ncha ina vichwa viwili.

Na ukiandika namba, andika iliyolinganishwa. Mwaka 2007 kundi la Sugimoto huko Japani lilipima mvuto wa juu kabisa wa atomu za silikoni, bati na risasi zilizochanganyika kwenye uso mmoja. Namba zenyewe zilibadilika kila ncha ilipobadilika, lakini uwiano ulibaki: bati asilimia 77 ya silikoni, risasi asilimia 59. Walizitambua atomu kwa uwiano. Humu chumbani tunafanya vivyo hivyo kwa kiwango chetu. Kila sampuli mpya inapimwa kati ya vipimo viwili vya ulanga, kimoja kabla na kimoja baada, kwa ulimi uleule na leza isiyoguswa. Vile viwili vya ulanga visipokubaliana, kipimo cha katikati hakiingii daftarini.

Usiku wa jana havikukubaliana. Cha pili kilizidi kwa karibu nusu, ncha imevunjika mahali fulani juu ya chumvi. Mwanafunzi alishaandika namba kwa kalamu ya wino. Aliichora mstari mmoja juu yake, akaandika pembeni saa na sababu, akafungua boksi la ndimi mpya.